Uchovu na Baridi Isiyoisha: Huenda Ni Tezi ya Thairoidi

Baridi ya Julai ikipiga, kila mtu Thika na Ruiru huvaa sweta. Lakini ukijikuta ndani ya sweta mwezi wa Februari, huku wenzako wakijipepea, usipuuze.

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyo mbele ya shingo. Homoni zake huamua kasi ambayo mwili hutumia nguvu. Zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo.

Dalili ni zipi?
Uchovu hata baada ya kulala, kuhisi baridi, kuongeza uzani, kufunga choo, ngozi kavu, nywele kukatika, kusahau na hedhi nzito. Huja polepole, na wengi husingizia kazi au umri. Wanawake huathirika zaidi. Si lazima shingo ivimbe.

Hupimwaje?
Kwa damu. Kipimo cha TSH huonyesha jinsi ubongo unavyoihimiza tezi. Tezi ikilegea, TSH kwa kawaida hupanda.

Tiba ni gani?
Ni kidonge cha levothairoksini kila siku, ambacho hujaza pengo la homoni. Wengi hukihitaji maishani.

Namna ya kukitumia:
1. Meza kwa maji tu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Ikiwa unawahi matatu alfajiri, kiweke kando ya kitanda. Meza ukiamka, uoge, uvae, ndipo unywe chai.
2. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vimezwe angalau saa 4 baadaye, kwani huzuia dawa kuingia mwilini.
3. Rudi upimwe damu baada ya wiki 6 hadi 8.
4. Usiache ukipata nafuu, wala usijiongezee. Dawa ikizidi, moyo huenda mbio.

Chumvi yenye iodini husaidia kuzuia rovu, lakini haichukui nafasi ya kidonge.

Mama mjamzito, usiache dawa. Miezi ya kwanza, ubongo wa mtoto hutegemea homoni zako. Fika kliniki mara tu unapojua una mimba, kwa kuwa mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.

Ukiwa na dalili hizi, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu zilianza lini, na uulize kuhusu kipimo cha thairoidi.