JUMATANO: Mikono ya Anayetunza

Soma Kutoka 17:10–13. Haruni na Huri walimfanyia Musa nini, na kwa muda gani?

Ugonjwa wa Parkinson haujapata tiba ya kuuponya. Dawa hupunguza tu kutetemeka, kukakamaa kwa viungo na uzito wa mwendo. Kwa hiyo mke anayemuuguza mumewe nyumbani huibeba kazi hiyo kwa miaka: humpa dawa kwa saa zake, humgeuza kitandani usiku, humlisha polepole asipaliwe. Sabato kwa Sabato tunamwombea mgonjwa kwa jina. Anayemtunza hatumtaji, na mikono yake imekuwa mizito.

Haruni na Huri hawakumpa Musa pole kisha wakashuka mlimani. Walimkalisha, wakamshika huku na huku mpaka jua lilipozama. Nasi twaweza kwenda wawili wawili, kwa zamu, kukaa na mgonjwa alasiri moja kila juma, ili mtunzaji alale, aende sokoni, au aje ibadani. Lakini kwanza tujifunze kwake: saa za dawa, namna ya kumsaidia mgonjwa kusimama bila kumvuta mikono, na subira ya kumngoja amalize kusema.

Je, ni nani katika darasa lenu haonekani kanisani kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa? Ni wawili gani watakaokwenda juma hili?