Mas'ala ya Moto wa Eropleni na Amana ya Msafiri

Swali: Mtu wa pwani amekwenda Shinyanga na Geita kununua dhahabu kwa kibali cha serikali, na sehemu ya dhahabu hiyo ni amana ya watu. Arudipo, eropleni yakimbia Mwanza ili iruke, mara injini yafa na moto wawaka. Akitoka akauacha mkoba, atalipa?

Jawabu: Halipi.

Jueni kwamba rubani, kabla ya kuanza kukimbia, huwa amekwisha hesabu kasi maalumu. Injini moja ikifa kabla ya kasi hiyo, hufunga breki. Ikifa baadaye, njia iliyobaki haitoshi, basi huruka kwa injini iliyosalia kisha akarudi. Zikifa zote mbili, hapo pana msiba. Bahir Dar, nchi ya Ethiopia, tarehe 15 Septemba 1988, kundi la njiwa liliingia katika injini zote mbili za Boeing 737 ikiruka. Ikashuka kwa tumbo, ikawaka, na katika watu 104 wakafa 35.

Lakini khabari ya Manchester, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985, ndiyo iliyo karibu na swali. Kopo la kuchomea mafuta ndani ya injini ya kushoto lilipasuka, na kipande chake kikatoboa tangi la bawa. Rubani alisikia kishindo, akadhani mpira wa gurudumu umepasuka, akaisimamisha. Eropleni haikuacha ardhi hata kidogo. Na katika watu 137 wakafa 55, wengi wao kwa moshi. Moshi ule una sumu, pumzi chache humwangusha mtu. Kwa hiyo kanuni yataka eropleni iweze kutoa watu wote kwa sekunde 90, hali nusu ya milango haitumiki. Hesabu hiyo haimngoji afunguaye kabati.

Ama sheria, wanavyuoni wa Kishafii wamekwisha sema juu ya jahazi lichelewalo kuzama: mali hutoswa ili roho zipone, na pengine kutosa huwa wajibu. Watu wa pwani wayajua hayo. Ni kweli kwamba atosaye mali ya mwenziwe bila idhini hulipa. Lakini huyu hakutosa, ameacha tu, na mwenye kuwekewa amana halipi ila kwa uzembe au kuvuka mpaka. Kabati la juu ya kiti ndipo mahali pa desturi pa kuhifadhia, basi uzembe haupo. Bali asimamaye njiani akivuta mkoba huwazuia walio nyuma yake, na roho zao hakuwekewa yeye amana azichezee.

Na aliyeifunga dhahabu kiunoni tangu Geita, hiyo hutoka naye, wala hana haja ya kuuliza.