Safu katika Swala ya Jamaa: Maswali na Majibu ya Kujipima

Majibu yanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Mtwara na pwani yote. Funika jibu, jaribu kwanza.

1. Mko wawili tu, wewe na imamu. Utasimama wapi?
Kuliani kwake, nyuma kidogo. Dalili: Ibn Abbas, angali kijana, alisimama kushoto kwa Mtume (s.a.w.), akahamishiwa kulia.

2. Akitokea wa tatu?
Atahirimia kushoto kwa imamu, kisha maamuma wote wawili warudi nyuma. Pakiwa pafinyu nyuma, imamu asogee mbele. Dalili: hadithi ya Jabir na Jabbar bin Sakhr.

3. Eleza mpangilio wa safu.
Wanaume, watoto wa kiume, kisha wanawake. Safu huanzia nyuma ya imamu, ikajaa kulia na kushoto. Ya pili haianzi kabla ya kwanza kujaa. Angalizo: watoto waliotangulia kukaa safu ya kwanza hawaondolewi wakubwa wakija.

4. Tukio: Ijumaa ya msimu wa korosho, Lupaso, wilayani Masasi. Msikiti umejaa. Diwani anaingia hotuba imeanza. Kijana wa safu ya kwanza anainuka ampishe. Toa hukumu.
Diwani akae palipobaki nafasi. Kuruka mabega ya watu hakufai, na Mtume alikataza kumwinua mtu ili ukae pake. Ibn Umar hakukaa hata alipopishwa kwa hiari. Kijana naye, kumwachia mwingine fadhila ya ibada ni makuruhu. Usichanganye na hadithi ya Abu Masud, inayotaka wenye akili pevu wawe karibu na imamu: hiyo inawahimiza wawahi, haiwapi ruhusa ya kuwang'oa waliowahi.

5. Masbuku akikuta safu imejaa?
Atafute mwanya. Asipoupata, ahirimie, kisha amvute mmoja wa safu ya mbele. Anayevutwa ni sunna akubali. Akibaki peke yake, swala yake ni sahihi ila ni makuruhu. Kwa Mahanbali haisihi, kwa hadithi ya Wabisa. Asirukuu kabla ya kufika safuni ili awahi rakaa: Abu Bakra alifanya hivyo, akaambiwa asirudie.

6. Na kwenye swala ya janaza?
Ni sunna kupanga safu tatu. Imamu husimama usawa wa kichwa cha maiti mwanamume, na kiuno cha mwanamke.