Kuchagua Kamera ya Filamu Iliyokwisha Tumika: Shauri kwa Mpiga Picha Anayeanza

Ainabkoi ni nchi ya baridi katika Uasin Gishu, upande wa kusini mashariki wa Eldoret, si mbali na Timboroa ambako reli hupanda juu sana kabla ya kuteremka. Watu wake hulima viazi na mahindi, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Kijana wa huko akitaka kununua kamera, fedha zake hutoka katika magunia ya viazi au katika maziwa ya kila asubuhi. Akizitoa kwa kamera mbovu, itampasa kungoja mavuno mengine. Kwa sababu hiyo twataka kueleza hapa jinsi ya kuchagua kamera ya filamu iliyokwisha tumika, ili mnunuzi asidanganywe na sura yake.

Huenda msomaji akauliza, "Kwa nini filamu, nasi tuna simu zipigazo picha?" Swali hilo ni la haki. Simu ni nyepesi, na picha zake hazina gharama ya filamu. Lakini filamu ya milimita 35 ina picha 36 tu, na kila moja ina bei yake. Basi mwanafunzi hujifunza kutazama mwanga kabla ya kubonyeza. Tena negativu iliyosafishwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu hudumu miaka mingi, wala haipotei pamoja na simu iliyoanguka mtoni.

Wala kuanza na kamera kuukuu si aibu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mwanafunzi huko Dar es Salaam kwa kamera ya Box Brownie iliyokwisha tumiwa na mwingine. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima. Alikufa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

JINSI KAMERA HII IFANYAVYO KAZI

Kamera tunayoisema kwa ufupi huitwa SLR. Mwanga huingia katika lenzi, hupiga kioo kidogo kilichoinamishwa, kisha hupandishwa mpaka kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo huinuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka kwa muda mfupi sana, na mwanga huifikia filamu. Faida yake ni kwamba unaloliona ndilo litakaloingia katika picha, kwa kuwa unatazama kwa lenzi ile ile.

Mambo mawili huongoza mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi, lenye namba kama 2, 4, 8 na 16. Namba ikizidi kuwa kubwa, tundu huzidi kuwa dogo. La pili ni mwendo wa pazia, kama 1/60 au 1/500 ya sekunde. Mtu akiyaelewa mawili hayo amekwisha kuelewa nusu ya kazi.

KWANZA: CHAGUA AINA ISIYOTEGEMEA BETRI

Kamera nyingine hufanya kazi kwa springi na magurudumu tu, na betri ni ya mita ya mwanga peke yake. Miongoni mwa hizo ni Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu mwaka 1976 hata 1997, na Nikon FM ya mwaka 1977. Betri ikifa katikati ya arusi, mpiga picha aweza kuendelea kwa kukadiria mwanga.

Canon AE-1 ya mwaka 1976 nayo ni kamera nzuri, na wengi huipenda. Lakini bila betri yake ya volti 6 pazia halifunguki kabisa. Aliye mbali na maduka ya mjini hana budi kuwa na betri ya akiba mfukoni.

Olympus OM-1 na Minolta SR-T 101 hazihitaji betri kwa pazia, ila mita zake zilifanywa kwa betri za zebaki ambazo hazitengenezwi tena. Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5, mita yaweza kukudanganya. Zenit E, iliyotoka Urusi wakati wa Kisovieti, haina betri hata kidogo, na bei yake kwa kawaida ni ya chini. Lakini ni nzito, na mwendo wake wa polepole ulioandikwa ni 1/30 tu, basi ndani ya nyumba yenye giza itakusumbua.

Tena, lenzi ya kamera moja kwa kawaida haiingii katika kamera ya kampuni nyingine. Kwa mtu anayeanza yatosha lenzi moja ya milimita 50.

PILI: KAGUA MWILI WA KAMERA

Usinunue kamera uliyoiona katika picha tu. Ishike mkononi, mchana, nawe usiwe na haraka.

Fungua mgongo wake, baada ya kuhakikisha haina filamu. Tazama pazia: lisiwe na tundu wala mkunjo, wala usiliguse kwa kidole. Kisha vuta mkono wa kupeleka filamu, ubonyeze, ukianza na mwendo wa sekunde 1 na kupanda mpaka 1/1000. Sikiliza. Sekunde 1 iwe sekunde 1 kweli, na kila mwendo ulie kwa ufupi zaidi kuliko uliotangulia. Kama 1/30 na 1/500 zalia sawasawa, pazia lina ugonjwa.

Halafu fungua tundu la lenzi lote, uelekeze kamera kwenye ukuta mweupe au mawingu, kamwe si kwenye jua, utazame kwa nyuma huku ukibonyeza. Uone mwanga ukijaa dirisha lote. Ukiona upande mmoja ni giza kila mara, picha zako zitakuwa na giza upande huo. Angalia pia kwamba kioo kinarudi chini mara moja bila kukwama.

Pembeni mwa mlango wa nyuma mna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Katika kamera za zamani huoza na kuwa kama lami. Kosa hilo si kubwa, maana fundi aweza kuibadilisha, lakini lipunguze bei. Vumbi dogo unaloliona ukitazama kwa jicho nalo halitaonekana katika picha.

TATU: KAGUA LENZI

Ivue lenzi, ufungue tundu lake, uipitishe mwanga wa tochi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huota kamera ikiwekwa muda mrefu mahali penye unyevu na giza, nayo yaweza kuila rangi ya kinga iliyo juu ya kioo. Lenzi ya namna hiyo iache. Mkwaruzo mmoja mdogo mbele si kitu kikubwa, lakini mikwaruzo ya nyuma huharibu picha zaidi.

Zungusha namba za tundu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vibao vyake vifunguke na kufunga upesi, tena viwe vikavu. Vikiwa na mafuta vitachelewa, na picha zitaungua kwa mwanga. Mwisho zungusha lenzi kama unayetafuta umbali: iende kwa ulaini, isikwame wala isicheze.

NNE: HESABU GHARAMA NA KUMBUKA RISITI

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Bei ya kamera ni mwanzo tu wa gharama. Kabla ya kulipa, uliza ni duka gani linalouza filamu, na nani atakayeisafisha. Chukua bei ya filamu, uongeze gharama ya kusafisha na nauli ya kwenda na kurudi mjini, kisha ugawanye kwa 36. Kwa mfano, kama jumla ni shilingi 3,600, kila picha imekugharimu shilingi 100 kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi. Anayetaka kupiga picha za watu kwa malipo asipoifanya hesabu hii atafanya kazi ya bure.

Filamu ya rangi nyeupe na nyeusi yaweza kusafishwa nyumbani kwa mkebe wake maalum. Dawa nyingi zake hutumiwa zikiwa na joto la digrii 20, na maji ya Ainabkoi mara nyingi huwa baridi kuliko hivyo. Basi dawa ipashwe moto kidogo na kupimwa kwa kipimajoto, ama sivyo picha zitatoka hafifu.

Mwombe muuzaji akuandikie risiti yenye jina lake, tarehe, bei na namba iliyopigwa juu ya kamera. Karatasi hiyo itakulinda siku mtu atakapodai kwamba kamera iliibwa kwake. Muuzaji akikataa kuandika, mwachie kamera yake.

TANO: FILAMU YA KWANZA NI YA MAJARIBIO

Usiichukue kamera mpya kwako moja kwa moja kwenye arusi au maziko ya mzee. Siku hiyo haitarudi, na wenye shughuli hawatakusamehe. Tia filamu moja ya majaribio kwanza. Unapopeleka filamu mbele, tazama kitasa cha kurudishia kilicho upande wa kushoto: kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, huenda filamu haikushika, nawe utapiga picha 36 za hewa.

Piga kwa kila mwendo na kila tundu, ukiandika katika daftari namba ya picha, mwendo, tundu na hali ya jua. Mali bila daftari huisha bila habari, na filamu ni hivyo hivyo. Kanuni ya kukumbuka ni hii: katika jua kali weka tundu 16, na mwendo ulio karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100 hutaka 1/125, na ya 400 hutaka 1/500. Mawingu mepesi yakipita, weka 11; mawingu mazito, 8; na siku ya giza la mvua, 5.6.

Ainabkoi iko karibu sana na ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu na utosi, na macho ya watu huingia kivulini. Piga picha za uso asubuhi au alasiri. Mtu mweusi akisimama mbele ya mbingu nyeupe, mita itapima mbingu, na uso utatoka kama mkaa. Mkaribie, upime mwanga wa uso wake, kisha urudi nyuma na upige kwa kipimo kile kile.

KUITUNZA

Ukitoka katika baridi ya asubuhi na kuingia jikoni penye moto na mvuke, kioo cha kamera hutoka jasho. Ifunge katika mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, uiache humo mpaka ipate joto la nyumba. Kwa kuhifadhi, usiiache siku nyingi katika mkoba wa ngozi wenye unyevu. Iweke mahali pakavu penye hewa, na kuitumia mara kwa mara. Kamera kama K1000 haina swichi ya kuzima mita, basi funika lenzi kila unapomaliza, betri isiishe bure. Safari ya barabara za murram itataka kitambaa cha kuzuia vumbi.

Mtu akiyafuata haya, ataweza kuondoka dukani na kamera ya umri wa miaka 40 au zaidi inayofanya kazi barabara. Na asipoiona iliyo nzima leo, ashike fedha zake na angoje. Kamera nyingine itapatikana, lakini gunia la viazi lililouzwa halirudi ghalani.