Angalia Kichwa Kabla ya Kununua Chupa

Jumamosi asubuhi pita soko la Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, si nchi ya Nairobi) utamkuta msusi amembana mteja kichwa katikati ya magoti, vidole vinakimbia.

"Yaya, unaniumiza."

"Vumilia, mdogo wangu. Nikilegeza, wiki mbili tu utarudi kunidai makuta yako."

Ngozi ya paji imevutika hadi nyusi zimepanda. Juu ya sikio, pale nywele zinapoanzia, vimetokeza vipele vidogo vyenye ncha nyeupe. Huyu dada akianza kupata kipara miaka mitano ijayo, atalaumu maji, atalaumu shampuu, atamlaumu na wifi yake. Atakuwa ameshanunua chupa kumi za mafuta ya kukuza nywele. Basi tuanze kabla ya chupa.

Hatua ya 1: Fumua, osha, piga picha. Keti mlangoni penye mwanga, mtu wa nyumbani akupige picha kwa simu: mbele, juu ya kila sikio, utosini, kisogoni. Hifadhi tarehe. Nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo usitafute mabadiliko wiki ijayo. Linganisha baada ya miezi 3. Na bonge linalotoka ukifumua misuko ya wiki 6 lisikutie hofu. Mtu mwenye afya hudondosha nywele 50 hadi 100 kila siku, na zote hizo zilikuwa zimenaswa humo humo.

Hatua ya 2: Uliza zimetoka wapi. Zikipungua kichwa kizima kwa usawa, rudi nyuma miezi 2 hadi 4. Ulijifungua? Ulilazwa kwa malaria kali au homa ya matumbo? Ulipasuliwa? Ulifiwa ukakaa siku hujala? Mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja, kisha hudondoka kwa pamoja baadaye, wakati wewe umeshasahau ugonjwa wenyewe. Mama aliyejifungua huona hivyo mtoto anapofika miezi mitatu au minne, na jirani humwambia mtoto akicheka ndiyo nywele zinaanguka. Acha wacheke wote wawili. Mara nyingi hujazika zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12, bila dawa. Zisipojaa, au ukiwa na hedhi nzito, uchovu, kizunguzungu, uvimbe wa shingoni, omba upimwe damu na tezi ya shingo. Upungufu wa madini ya chuma ni sababu ya kawaida, na vidonge vyake vitafaa kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Mabaka yaliyotawanyika kama nguo iliyoliwa na nondo yanaweza kuwa kaswende. Pima, pamoja na VVU, wala usione haya, kaswende inatibika.

Hatua ya 3: Mbele na pembeni zikikatika, ni mzigo. Dalili yake naijua kwa macho: vinyweleo vyembamba vimebaki mstari wa mbele kabisa, na nyuma yake ukanda mtupu. Ni kazi ya misuko iliyokazwa, nywele za bandia nzito, na hasa kusuka juu ya nywele zilizotoka kulainishwa kwa dawa. Ukiwahi, zinarudi. Ukingoja miaka, mashimo ya nywele huziba kwa kovu na hakuna chupa itakayoyafungua.

Mwambie msusi maneno haya kabla hajashika kitana: misuko minene, nywele za bandia chache, mbele usinikaze. Ukitoka hapo ukahitaji kidonge cha maumivu ili ulale, fumua usiku huo huo. Usisubiri "zizoee". Pumzisha kichwa wiki kadhaa kati ya msuko na msuko. Minoksidili ya kupaka husaidia wengine, lakini huchukua miezi 4 hadi 6, mwanzoni inaweza kuzidondosha zaidi, na mjamzito au anayenyonyesha asiiguse bila kuzungumza na daktari.

Upara ukianzia utosini na kupanuka kama duara, pengine na mwasho au hali ya kuungua, hiyo ni habari nyingine. Aina hii huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, huacha kovu, na utafiti uliotoka 2019 uliihusisha kwa baadhi yao na kasoro ya jeni. Kwa hiyo si kila mara msusi ndiye mkosaji. Nenda kwa daktari wa ngozi mwezi huu, si mwaka kesho.

Hatua ya 4: Mtoto mwenye mabaka ana mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa nina kisa changu. Mwanangu alipata baka lenye magamba ya kijivu na vidoti vyeusi vya nywele zilizokatikia kwenye ngozi. Muuza dawa mmoja akaniuzia krimu ya kortizoni. Mwasho ukatulia siku tatu. Wiki ya pili mabaka yakawa manne, na dada yake naye akaanza kujikuna. Kortizoni hutuliza wekundu huku kuvu likila raha.

Kuvu hili hukaa ndani ya unywele wenyewe, hivyo krimu pekee haifiki. Inatakiwa dawa ya kumeza: grizeofulvini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, au terbinafini, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Grizeofulvini ipewe pamoja na chakula chenye mafuta. Sombe iliyopikwa kwa karanga inatosha kabisa. Usikatize kwa sababu mwasho umeisha. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, kwa watoto wote wa nyumba, hupunguza kusambaa. Kila mtu awe na kitana chake. Kunyoa peke yake si tiba, na wembe wa kinyozi usiosafishwa hupeleka kuvu kwa mtoto wa jirani. Mafuta ya taa na maji ya betri yasiguse kichwa cha mtoto hata kidogo.

Likivimba jipu laini linalotoa usaha, usilipasue. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nywele za mtoto zikiwa nyembamba, nyekundunyekundu, zinang'oka bila kuvuta, angalia miguu. Bonyeza kwa kidole. Shimo likibaki, hiyo ni kwashakoo, na ni dharura. Bukari peke yake imemlisha vibaya. Akipona, ndakala na maharage vikae sahanini kila siku.

Watu wa mji wa migodi huniuliza kuhusu vumbi. Uchunguzi uliochapishwa 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi wa Katanga, na hilo ni jambo zito. Ila kobalti haijulikani kwa kung'oa nywele. Usiiache ikuzuie kutafuta mapunye.

Hatua ya 5: Ukienda hospitali, Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au kituo cha afya cha karibu, beba zile picha na kila kopo ulilopaka, hata lisilo na lebo. Siku hiyo usipake mafuta wala usisuke. Daktari atataka kukwangua magamba makavu na kuvuta nywele chache, na juu ya kichwa kilichojaa vaselini hataona kitu.