Kamera, Taa na Kima wa Rungwe

Mwezi Mei 2005, jarida la Science lilitangaza aina mpya ya kima wa Tanzania, aitwaye kipunji. Watafiti walikuwa wamemwona katika Mlima Rungwe, Mbeya, mwaka 2003, na katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, Iringa, mwaka 2004. Ngozi wala fuvu havikuwapo. Kielelezo kilichotolewa kilikuwa picha. Baadhi ya wataalamu walikitilia shaka. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, na mwaka 2006 uchunguzi wa mwili wake ulimpatia jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Picha basi yaweza kuwa ushahidi wa kisayansi, lakini ushahidi hafifu hukataliwa. Je, shule yenye fedha kidogo ichague kamera na taa gani?

Lenzi kwanza

Kamera ya dijitali yenye kioo humwezesha mpigapicha kutazama kupitia lenzi ileile inayopiga picha, na lenzi hiyo hubadilishwa kulingana na kazi. Wanunuzi wengi huuliza idadi ya pikseli tu. Hebu tupige hesabu.

Kipunji mwenye urefu wa mita 0.9 yuko mtini, umbali wa mita 30. Kwa vitu vya mbali, ukubwa wa taswira ni takriban urefu wa kitu mara urefu wa fokasi, kugawanya kwa umbali. Lenzi ya milimita 50 itatoa taswira ya milimita 1.5; ya milimita 300 itatoa milimita 9. Ikiwa sensa ina upana wa milimita 24 na pikseli 6,000 kwa upana huo, taswira ya kwanza itapata pikseli 375, na ya pili 2,250. Kwa hiyo ni afadhali kununua kamera ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, na kuweka akiba kwa ajili ya lenzi.

Nguvu ya taa

Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Flashi ya nje hupimwa kwa namba ya nguvu. Namba hiyo ikigawanywa kwa namba ya kitundu cha lenzi, hupatikana umbali wa mwisho unaofaa. Flashi ya namba 36, kwa ISO 100 na kitundu f/4, hufika mita 9. Kipunji wetu wa mita 30 atapata sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya mwanga unaohitajika. Tena, mwanga wa ghafla waweza kumshtua mnyama. Msituni, tumia mwanga wa mchana na uongeze ISO.

Faida kubwa ya flashi ya nje ni kwamba yaweza kuondolewa juu ya kamera. Katika Isimila, karibu na mji wa Iringa, yamepatikana mashoka ya mawe ya kale. Shoka la namna hiyo likimulikwa kutoka mbele, huonekana kama jiwe la kawaida. Likimulikwa kutoka ubavuni, vivuli hudhihirisha kila alama ya kuchongwa.

Tahadhari: flashi nyingine za enzi ya filamu hutoa volti zaidi ya 200 mahali zinapogusana na kamera, na zaweza kuharibu kamera ya dijitali. Usifunge flashi ya zamani kabla fundi hajaipima.

Zoezi

1. Flashi ya namba 36 itafika wapi kwa kitundu f/8, ISO 100?
2. Eleza kwa nini kuongeza ISO kutoka 100 hadi 400 huongeza umbali huo mara mbili tu, wala si mara nne.
3. Weka jiwe lenye mikwaruzo mezani katika chumba chenye giza. Limulike kwa tochi kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Chora unayoyaona.