Mama hana karatasi, aanzie wapi?

Swali: Mama aliletwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Ameolewa na baba, Mtanzania, hapa Ushirombo, wilayani Bukombe, Geita. Hana karatasi yoyote. Waziri wa Mambo ya Ndani anaweza kumhurumia, ampe uraia?

Jibu: Pole, mwanangu. Kabla ya huruma, tazameni haki. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia wakati wowote mume angali hai. Mzee akifariki, njia hiyo inafungwa, kwa hiyo msingoje mavuno. Ndoa ikiwa ya kimila, isajilini kwanza.

Waziri halazimiki kutoa sababu ya uamuzi wake, kwa hiyo faili lijitetee lenyewe: kadi za kliniki zenu mkiwa wachanga, barua ya mtendaji wa kijiji, maelezo ya majirani waliomwona akikua. Kishoka akitaka kumwandika “mzaliwa wa Bukombe”, mkatalieni. Uongo huo ni kosa la jinai na unaua ombi zima. Najua hofu iliyobaki Geita tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa wahamiaji haramu. Hata hivyo, nendeni Uhamiaji wenyewe, baba akiwa pamoja nanyi.